Micah Parsons na Cowboys: mgomo baridi, tetesi za tredi na hesabu zinazoamua (uzi maalumu)

MpimaYadi, 2 Agosti 2025

Wakuu salaam. Jana, Agosti 1, Micah Parsons, mkabaji wa futiboli ya Kimarekani, ameandika kwenye X kwamba anataka kuondoka Dallas Cowboys, na tangu hapo kila ukurasa umemvisha jezi ya timu yake. Nafungua uzi huu ili tuzipime tetesi kwa mkataba na kalenda ya ligi. Wengi wetu tumekulia kwenye usajili wa soka, na macho ya soka ndiyo yanayotupoteza hapa.

Kwanza, NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) hawanunui mchezaji kwa fedha taslimu. Klabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa machaguo ya drafti, ile shughuli ya kila Aprili ambapo timu hupokezana zamu, raundi kwa raundi na dhaifu zikitangulia, kuchukua vijana wa vyuo vikuu. Hiyo ndiyo tredi. Mkataba nao husafiri na mchezaji kama ulivyo mpaka timu mpya iuandike upya. Kwa hiyo anayemtaka Parsons analipa bili mbili: moja kwa Dallas, ya machaguo, na nyingine kwa Parsons mwenyewe, ya mkataba mpya. Tetesi nyingi hufia kwenye bili ya pili.

Alipo sasa: Parsons alichukuliwa namba 12 kwenye drafti ya 2021 kutoka Penn State. Mkataba wa kijana wa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, na klabu ina kipengele cha kuongeza mwaka wa tano kwa bei inayopangwa na kanuni. Dallas wamekitumia, hivyo mwaka huu analipwa dola milioni 24.007. Katika misimu minne ana saki 52.5, na hakuna msimu aliopata chini ya 12. (Saki ni kumwangusha kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira, nyuma ya mstari akiwa bado na mpira. Nusu hutokea wawili wakimwangusha pamoja.)

Sasa tazama soko. Machi mwaka huu Maxx Crosby, mkabaji kama yeye, alipata wastani wa milioni 35.5 kwa mwaka, na Myles Garrett milioni 40 baada ya yeye pia kuomba kuondoka Cleveland mwezi Februari. Julai 17 T.J. Watt akafika milioni 41. Parsons ana miaka 26, ni mdogo kuliko wote hao. Kila wiki Dallas waliyosubiri, bei ilipanda.

Na hajagoma kwa kukaa nyumbani. Yuko kambini Oxnard, California, anahudhuria vikao, lakini hafanyi mazoezi na anasema mgongo umekaza. Kwetu tungeuita mgomo baridi. Tofauti yake na mgomo kamili ni ya fedha, na wataalamu wa kanuni watatufafanulia.

Sauti_ya_Mvita, 2 Agosti

Ahsante kaka kwa uzi. Swali langu ni moja: kama ana hasira kiasi hicho, kwa nini asibaki nyumbani kabisa? Aende kambini afanye nini na hachezi?

HesabuKwanza, 2 Agosti

@Sauti_ya_Mvita, kwa sababu ya makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2020. Kabla ya hapo mgomo wa kukaa nyumbani ulikuwa silaha. Sasa umewekewa bei:

Kukosa kambi ndogo ya lazima ya Juni, siku zote tatu, mwaka huu ni jumla ya dola 104,768. Kukosa kambi kuu ni dola 50,000 kwa siku kwa mwenye mkataba wa mkongwe, na klabu hairuhusiwi kumsamehe hata ikitaka. Kwa aliye kwenye mkataba wa ujana ni 40,000 kwa siku, ila hapa klabu inaweza kusamehe. Aliye kwenye mwaka wa tano anaweza pia kukatwa mshahara wa wiki moja kwa kila mechi ya maandalizi anayokosa.

Parsons yuko kundi la mwisho. Milioni 24.007 gawanya kwa wiki 18 za msimu, unapata takriban milioni 1.33. Akikosa mechi tatu za maandalizi ni milioni 4, bila faini za siku. Akiwa ndani ya uzio na kadi ya daktari, saa ya faini haitembei.

Klabu ina rungu moja dhidi ya mgomo baridi: kifungu cha mwenendo wenye madhara kwa timu, ambacho kinafika hadi kusimamishwa wiki nne bila malipo. Lakini ukimwadhibu mtu anayelalamika mgongo utapelekwa kwa msuluhishi, na bado unamhitaji Septemba. Kwa hiyo rungu hubaki ukutani.

Kaskazini_254, 3 Agosti

Mnakumbuka CeeDee Lamb mwaka jana? Mwaka wa tano huohuo, Dallas hiyohiyo. Aliikosa kambi yote, Agosti 26 akasaini miaka minne milioni 136. Kwotabeki wao Dak Prescott akasaini siku ya mechi ya kwanza, Septemba 8, milioni 60 kwa mwaka. Mmiliki Jerry Jones husubiri mpaka ukutani halafu analipa. Mimi naona hizi za tredi ni kelele tu.

MpimaYadi, 3 Agosti

Kaskazini, hoja yako ina uzito, na ukirudi nyuma zaidi utamkuta Emmitt Smith mwaka 1993: alikosa mechi mbili, Dallas wakapoteza zote mbili, Jones akalipa, na msimu ukaishia na ubingwa wa Super Bowl. Kisha Ezekiel Elliott 2019, aliyelipwa siku chache kabla ya mechi ya kwanza.

Lakini safari hii kuna ufa ambao haukuwepo kwa hao. Jones anasema yeye na Parsons walikubaliana ana kwa ana mwezi Machi. Upande wa mchezaji unashikilia kwamba mkataba hujadiliwa na wakala, David Mulugheta, na kwamba yale yalikuwa mazungumzo tu. Kwa Lamb na Prescott pande mbili zilibishana bei. Hapa zinabishana kama mkataba ulishafikiwa au la. Ubishi wa bei hukutana katikati. Huu wa pili hauna katikati, kwa sababu Jones akipandisha dau anakuwa amekiri kwamba Machi hapakuwa na kitu.

Ndiyo maana mimi nimeitoa tredi kwenye kundi la kelele. Sijasema itatokea, nasema ifuatiliwe.

Nyuki_wa_Kigamboni, 3 Agosti

Wadau, asifanye kama Fei Toto? Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akasema mkataba umevunjika.

HesabuKwanza, 3 Agosti

Na kamati ya TFF ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikwenda Azam Juni 2023 baada ya klabu zenyewe kuelewana. Hata kwenye soka, ambako kuna mjadala wa kununua mkataba, njia ile haikumtoa.

NFL mlango huo haupo kabisa. Mchezaji hawezi kujinunua. Asipocheza msimu mzima mkataba hauishi: mwaka ule unagandishwa, na mwaka unaofuata anadaiwa uleule kwa mshahara uleule. Njia za kutoka ni nne tu: mkataba uishe, klabu imwache, klabu imtredi, au astaafu.

Sauti_ya_Mvita, 5 Agosti

Nimesoma mahali kwamba leo Agosti 5 ni siku ya hatari kwake. Ni kweli?

HesabuKwanza, 5 Agosti

Ni kweli kwa wengine, kwake si sana. Kanuni inasema asiyeripoti siku 30 kabla ya mechi ya kwanza ya ligi hahesabiwi msimu ule kwenye utumishi wake. Mechi ya kwanza ni Septemba 4, rudi nyuma siku 30 unafika leo. Msimu uliohesabiwa ni muhimu kwa sababu ukiwa na minne na mkataba ukaisha, unakuwa huru. Parsons tayari ana minne, 2021 hadi 2024, na isitoshe ameripoti. Kurasa zinazoandika "siku ya mwisho ya Parsons" zimenakili habari ya mchezaji mwingine.

Siku ya hatari kwake iko mbele zaidi, nayo ni tagi. Chukueni kalamu.

Mkataba ukiisha Machi 2026, Dallas wanaweza kumfunga kwa tagi ya mwaka mmojammoja. Bei ya tagi ni kiwango cha nafasi yake au asilimia 120 ya mshahara uliopita, chochote kilicho kikubwa. Asilimia 120 ya 24.007 ni 28.8. Tagi ya pili ni asilimia 120 ya hiyo, yaani 34.57. Jumlisha na mwaka huu: 24.0 + 28.8 + 34.6 = dola milioni 87.4 kwa miaka mitatu, sawa na wastani wa milioni 29.

Soko linasema 41 na zaidi. Dallas wakitaka wanaweza kumbana miaka mitatu kwa 29. Hii ndiyo nguvu ya Jones, na ndiyo sababu Parsons anafanya fujo SASA, wakati bado anayo Septemba mkononi. Akicheza mwaka huu kimya kimya, Machi anaikuta tagi mezani.

Nyuki_wa_Kigamboni, 5 Agosti

Milioni 29 kwa mwaka na bado unaona umebanwa!

MpimaYadi, 6 Agosti

Nyuki, usitazame milioni 29, tazama neno dhamana. Hapa ndipo mashabiki wa soka wanapodanganyika zaidi. Messi akisaini miaka minne, analipwa miaka minne. NFL akisaini miaka minne kwa milioni 160, klabu inaweza kumwacha baada ya miwili na ile iliyobaki isilipwe, isipokuwa sehemu iliyodhaminiwa. Kwa hiyo tarakimu kubwa ya kichwa cha habari ni pambo. Mkiletewa mkataba wowote hapa, ulizeni kwanza: dhamana ni kiasi gani, na ngapi zimedhaminiwa siku ya kusaini?

Dhamana hugusa mambo matatu: jeraha, kushuka kiwango, na klabu kubanwa na ukomo wa mishahara (mwaka huu ni dola milioni 279.2 kwa timu). Ikidhaminiwa yote matatu siku ya kusaini, fedha hiyo ni yake hata akivunjika kesho. Watt ana dhamana ya milioni 108, Garrett 123.5. Parsons ana milioni 24 za mwaka huu, na baada ya hapo sifuri. Mchezaji wa nafasi yake anagongana na watu wa kilo 140 mara arobaini au hamsini kwa mechi. Goti moja likienda Oktoba, Machi anajadiliana akiwa na magongo.

Kaskazini_254, 11 Agosti

Haya, tuchukulie tredi ipo. Bei yake nini? Khalil Mack alitoka Raiders kwenda Bears 2018 kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Naye alikuwa mwaka wa tano, naye hakuonekana kambini. Nakala ileile.

MpimaYadi, 11 Agosti

Mfano mzuri, ila umekata nusu. Bears walitoa raundi ya kwanza ya 2019 na ya 2020, raundi ya tatu ya 2020 na ya sita ya 2019. Raiders wakamtoa Mack PAMOJA NA raundi yao ya pili ya 2020. Watu hulisahau hilo, kisha wanadhani bei ilikuwa mbili kavu. Tarehe ilikuwa Septemba 1, 2018, na mkataba mpya ulikuwa miaka sita, milioni 141, dhamana 90. Bears wakamaliza msimu 12–4 (ushindi 12, vipigo 4).

Namna ya kupima: lipo jedwali la Jimmy Johnson, kocha wa Cowboys wa miaka ya 1990, ambalo hadi leo watu hulitumia kama mizani ya sokoni. Chaguo la kwanza kabisa ni alama 3,000. La 16 ni 1,000. La 32 ni 590. Kwa hiyo "raundi ya kwanza mbili" si kipimo mpaka ujue ni za nani. Mbili za timu dhaifu zinaweza kuwa 3,000 na ushee, mbili za timu imara ni 1,300. Na chaguo la mwaka ujao hupunguzwa thamani, kwa desturi kama raundi moja kwa kila mwaka wa kusubiri.

Hapo ndipo penye kitendawili cha Dallas. Timu dhaifu ndiyo yenye machaguo matamu, lakini Parsons hataki kusaini huko. Timu imara anaitaka, lakini machaguo yake yanaangukia mkiani. Kwa hiyo tetesi ya timu imara iwe na nyongeza, mchezaji aliye tayari kucheza leo. Tetesi isiyo na nyongeza hiyo iacheni ipite.

Bi_Mkubwa_wa_Houston, 12 Agosti

Nikazie hapo kwa MpimaYadi. Hatua za tredi ya mtu anayetaka mkataba mpya hufuatana hivi: klabu inampa wakala ruhusa ya kuongea na timu nyingine (bila ruhusa ni kosa, timu inayorubuni huadhibiwa), wakala anapatana mshahara na timu husika, ndipo klabu mbili zinamalizana machaguo, mchezaji anapimwa afya, karatasi za pande zote mbili zinafika ofisi ya ligi. Tredi nyingi zinazovunjika dakika za mwisho huvunjikia kwenye vipimo.

Kwa hiyo mkiona tetesi, ulizeni imefika hatua gani. "Timu fulani imepiga simu" si hatua, timu zote hupiga simu. "Wakala amepewa ruhusa" ndiyo hatua ya kwanza yenye maana, na hadi leo sijaisikia kwa Parsons.

Jambo la pili ni mabaki. Mchezaji mwenye bonasi ya kusainia, klabu huisambaza bonasi hiyo kwenye ukomo wa mishahara kwa miaka isiyozidi mitano. Ukimtredi, sehemu ambayo bado haijahesabiwa inabaki kwako, unamlipia mtu aliyeondoka. Ndiyo inayozuia tredi nyingi za mastaa. Kwa Parsons bonasi ya mkataba wa ujana iligawanywa 2021 hadi 2024 na imekwisha. Mwaka wa tano hauna mabaki. Dallas wakimtoa kesho, hesabu yake inaondoka yote. Kwa karatasi, ni rahisi kumtoa kuliko karibu staa yeyote wa kiwango chake.

Sauti_ya_Mvita, 12 Agosti

Shukrani dada. Na anayempokea? Milioni 24 zote anazibeba Septemba?

Bi_Mkubwa_wa_Houston, 13 Agosti

Akimpokea bila mkataba mpya, ndiyo. Akimsainisha, anazishusha. Mfano wa hesabu tu: mshahara anauweka kwenye kima cha chini cha mtu wa misimu minne, milioni 1.17, kisha anampa bonasi ya kusainia milioni 40. Bonasi ikigawanywa kwa miaka mitano ni 8 kwa mwaka. Kwenye ukomo wa 2025 anaonekana wa milioni 9.17 tu, ingawa mfukoni ameingiza 41. Kwa hiyo orodha zinazosema timu fulani haina nafasi ya kumbeba Parsons zisiwasumbue. Ukomo wa mwaka huu hupindwa. Kinachouma ni 2027 na 2028, wakati bei inapanda na machaguo ya kuleta vijana wa bei nafuu umeshayatoa.

Nyuki_wa_Kigamboni, 20 Agosti

Jana Isak naye ametoa tamko dhidi ya Newcastle. Agosti hii ni ya migomo. Yoane Wissa wa Congo naye kule Brentford.

MpimaYadi, 20 Agosti

Sura moja, mifupa tofauti. Newcastle wakimuuza Isak wanapata fedha, na fedha hizo zinanunua mshambuliaji mwingine kabla dirisha halijafungwa Septemba 1. Dallas wakimtoa Parsons wanapata karatasi ya kijana wa chuo atakayechaguliwa Aprili. Hakuna duka la kukimbilia wiki hii. Ndiyo maana klabu za NFL hung'ang'ania zaidi, na ndiyo maana mchezaji wa kuja leo ndani ya tredi ana thamani kuliko jedwali linavyoonyesha.

HesabuKwanza, 26 Agosti

Wawili wametoka jana kwenye orodha ya wanaodai mikataba. Terry McLaurin wa Washington, aliyeomba tredi mwisho wa Julai, amesaini miaka mitatu inayoweza kufika milioni 96. Trey Hendrickson wa Cincinnati ameongezewa milioni 14 kwa mwaka huu, anafika 30, bila mwaka mpya hata mmoja.

Mlinganisho huu ni wa kujifunzia. Hendrickson ana saki 17.5 mwaka 2023 na 17.5 mwaka 2024, takwimu zinazozidi za Parsons kwa misimu hiyo. Lakini anakaribia miaka 31, na klabu imekataa kudhamini miaka ya mbele. Umri ndio uliompa fedha ya mwaka mmoja.

Na tahadhari kwa wanaosema "agome tu mpaka mwisho". Le'Veon Bell wa Pittsburgh mwaka 2018 alikaa nje msimu mzima kwa tagi ya milioni 14.5. Hakutozwa faini kwa sababu hakuwa amesaini tagi, lakini fedha yote iliyeyuka, na mkataba aliopata Jets 2019 ulikuwa milioni 52.5 kwa miaka minne. Haason Reddick mwaka jana alitrediwa kwenda Jets KABLA ya kupatana mkataba mpya, akagoma hadi Oktoba, akaambulia saki moja msimu mzima. Jets waliruka ile hatua ya pili ya dada yetu wa Houston.

Leo saa tano usiku kwa saa zetu ndiyo mwisho wa kupunguza vikosi hadi watu 53. Baada ya hapo makocha wa Dallas wanapanga mechi ya kwanza dhidi ya Eagles. Kama kuna kitu, ni kati ya leo na Jumapili.

Kaskazini_254, 29 Agosti

Nimesimama kusahihishwa. GREEN BAY.

MpimaYadi, 29 Agosti

Imekamilika jana, Agosti 28, siku saba kabla ya mechi ya kwanza. Green Bay Packers wametoa raundi ya kwanza ya 2026, raundi ya kwanza ya 2027, na Kenny Clark, mkabaji wa katikati ya mstari. Mkataba uliotangazwa: miaka minne, dola milioni 188, wastani wa 47. Dhamana jumla 136, na kati ya hizo 120 zimedhaminiwa siku ya kusaini. Hakuna asiye kwotabeki aliyewahi kulipwa wastani huo.

Pimeni kwa mizani yetu. Green Bay walimaliza 11–6 mwaka jana. Wakirudia hivyo, chaguo lao litaangukia namba 25 na kuendelea, ambako jedwali linatoa alama 720 kushuka, na la 2027 lipunguzeni tena. Kwa machaguo peke yake Dallas wamepata pungufu ya nilivyotarajia. Kilichojaza pengo ni Clark, na Dallas walikuwa wakipigwa katikati kwenye mbio za mpira mwaka jana. Bado, Clark anatimiza miaka 30 Oktoba. Maoni yangu kwa moyo mweupe: Dallas wameuza mchezaji bora wa ulinzi waliyekuwa naye kwa miaka mingi, na wameuza wakiwa wamechelewa. Mwaka jana Agosti, kabla ya Garrett na Watt, wangeweza kumaliza kwa chini ya 40.

Bi_Mkubwa_wa_Houston, 29 Agosti

Nakubaliana kuhusu kuchelewa. Ila msiwasahau Packers kwenye lawama na sifa. Tangu Reggie White 1993 klabu ile haijulikani kwa kununua staa mkubwa wa ulinzi kwa bei ya juu namna hii, wao ni watu wa kulea vijana wa drafti. Sasa wamekosa raundi ya kwanza miaka miwili, na hesabu ya 2027 na 2028 niliyoisema sasa ni yao.

Sauti_ya_Mvita, 29 Septemba

Alfajiri ya leo mmeiona? Packers na Cowboys palepale Dallas, 40–40. Parsons alimwangusha Prescott mara moja, tena muda wa nyongeza.

HesabuKwanza, 29 Septemba

Saki moja kwenye takwimu, lakini angalieni marudio. Dallas walimwekea watu wawili mara nyingi, na kwotabeki akatoa mpira haraka haraka. Hiyo nayo ni kazi ya mkabaji, haiandikwi popote. Upande wa pili, alama 40 nyumbani ni jibu la safu ya mbele ya Dallas, ambayo haikutikisika kama nilivyoogopa.

MpimaYadi, 5 Novemba

Dirisha la tredi limefungwa jana saa sita usiku kwa saa zetu (Marekani wamerudisha saa nyuma, ndiyo maana si saa tano). Dallas wamempata Quinnen Williams kutoka Jets kwa raundi ya pili ya 2026, raundi ya kwanza ya 2027 na Mazi Smith. Siku hiyohiyo Jets wamempeleka Sauce Gardner Colts kwa raundi ya kwanza mbili na mchezaji mmoja. Umbo lile lile la bei ya Parsons, ila kwa beki wa nyuma. Kwa hiyo wanaoendelea kusema Agosti Dallas waliibiwa mchana kweupe, soko la Novemba linawajibu kwamba bei ile ndiyo inayotembea. Kosa la Dallas lilikuwa mkataba, si tredi.

Nyuki_wa_Kigamboni, 16 Desemba

Wakuu, Parsons goti. Juzi kule Denver. Wanasema ligamenti ya mbele imekatika.

Kaskazini_254, 16 Desemba

Imethibitishwa. Msimu umekwisha, ana saki 12.5 katika mechi 14. Pole zake.

HesabuKwanza, 16 Desemba

Inauma sana. Rudini kwenye ujumbe wa MpimaYadi wa Agosti 6, ule wa dhamana. Kwa mkataba wa mwaka wa tano, leo angekuwa na wiki tatu za mshahara zilizobaki na Machi bila mkataba, goti limeshonwa, Dallas wakiamua wenyewe kama wampe tagi au wamwache. Kwa karatasi ya Agosti 28, milioni 120 zilishakuwa zake kabla hajavaa jezi namba 1. Kupona goti la aina hii huchukua miezi tisa na kuendelea, na tisa kutoka Desemba 14 inaangukia katikati ya Septemba, msimu wa 2026 ukiwa ndio kwanza umeanza.